Kwa nini mabaharia wa Pegasus walizikwa kisiwani Chapwani na si mjini Unguja?

#1 Mpigadau
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuvusha watu kwenda visiwa vya mbele ya Mji Mkongwe: Changuu, Bawe, Chapwani. Chapwani wengi wanafuata kuogelea, popo na wale paa wadogo. Lakini mle mitini pana makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, ndiyo maana wazungu wakakiita kisiwa cha makaburi. Wamo waliokufa zama za doria za kukamata majahazi ya watumwa, na wamo wa HMS Pegasus, manowari iliyopigwa na Königsberg ya Mjerumani hapa hapa bandarini, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914.

Swali: mwaka 1914 mwenye amri Unguja ni Muingereza, tena tangu 1890. Kanisa lake kubwa liko Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Mbweni pana kanisa na makaburi yake. Kwa nini maiti zipakiwe mashuani zivushwe mpaka kisiwani?

Mimi nina jibu langu na nitalitetea: walitaka kuficha idadi. Taarifa yao ya kwanza ilisema wamekufa 25. Vitabu vya baadaye vinataja 31, vingine 38. Majeneza yangepita Mkunazini mji mzima ungehesabu. Kisiwani nani ahesabu? Wenye maarifa shukeni.

#2 Bint Shangani
Asante kwa uzi, ila hilo la kuficha halisimami. Pegasus haikuzama mbali huko. Ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo imezimwa ili mafundi washughulikie maboila, ndipo Königsberg ikatokea na kuanza kuipiga ikiwa kilomita nane na zaidi. Mizinga ya Pegasus haikufika huko. Watu waliamshwa na kishindo, wakashuhudia wenyewe. Utaficha nini kwa mji uliosimama ufukweni?

Hesabu nayo ina maelezo. Taarifa ya mwanzo ilikuwa 25 wamekufa, 80 wamejeruhiwa. Hesabu inayotajwa sana leo ni 38 na 55. Waliokufa wameongezeka, majeruhi wamepungua. Taarifa ya kwanza ya vita yoyote hutolewa kwa haraka, halafu majeruhi wengine hufariki baadaye. Penisilini haikuwepo. Mtu aliyeunguzwa na mvuke au aliyepigwa na kipande cha kombora angeweza kufa siku kadhaa baada ya mizinga kunyamaza.

Na kubwa zaidi, makaburi ya Chapwani ni ya zamani kuliko Pegasus. Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London amezikwa huko, na yeye aliuawa Desemba 1881. Kwa hiyo 1914 hawakubuni kitu kipya, walifuata pale walipokuwa wanazika siku zote.

#3 Mpigadau
Bint Shangani, la Brownrigg nakubaliana nawe, nawaonyesha wageni kila mara. Lakini hapo swali limerudi nyuma miaka 33 tu, halijajibiwa. Na hiyo 1881 kwa nini kisiwani?

#4 Nahodha Mstaafu
Nimekaa melini muda mrefu, nitachangia kwa upande huo. HMS London ilikuwa manowari kuukuu ya matanga, iliwekwa bandarini Unguja kuanzia 1874 mpaka 1883. Haikuwa inasafiri. Ilikuwa kambi inayoelea: hospitali ndani, karakana ndani, ghala ndani. Mashua zake ndizo zilizokuwa zikienda kuvizia majahazi Pemba na kwenye milango ya bahari.

Sasa fikirieni. Mtu kafia melini. Mwili tayari uko majini. Kuuteremsha pwani ya mji ni kuupitisha kwenye magati yenye mizigo, mbata na watu, halafu ubebwe kwenye vichochoro. Kuupeleka Chapwani ni mashua moja inayovutwa na nyingine, makasia yakienda polepole, mpaka mchangani. Kwa jeshi la maji hayo ndiyo maziko ya heshima. Hakuna fumbo: walizika mahali ambapo mashua inafika kwa urahisi.

Na Brownrigg msimtaje kwa jina tu. Alikuwa na mashua ya mvuke na watu wachache karibu na Pemba, akaliona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kupekua jahazi la bendera hiyo, wangeweza kuangalia hati tu. Akalisogelea bila kujiandaa kwa vita. Ndani mlikuwa na watumwa, na wenye jahazi wakafyatua risasi. Kapteni wa meli nzima kufa kwenye mashua ndogo namna ile ni jambo lililowaumiza sana wenzake.

#5 Daktari wa Mtaa
Nahodha umeeleza vizuri, lakini umeacha maradhi. Wengi wa mabaharia wa zile doria hawakufa kwa risasi, walikufa kwa homa. Unguja ya karne ya 19 ilishapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na mlipuko wa 1869 hadi 1870 uliua watu kwa maelfu. Madaktari wa meli walikuwa na hofu na mji: visima vya chumvi, taka ufukweni, makaburi katikati ya nyumba. Kwa fikra zao hewa ya mjini yenyewe ndiyo ilikuwa ugonjwa. Kuzika mbali, upepo wa bahari unapopita, ni uamuzi wa daktari.

Ushahidi wa mazingira: Changuu, jirani yake, ilijengwa gereza miaka ya 1890 lakini ikaishia kuwa karantini. Visiwa vile vilikuwa mahali pa kuwekea kila kitu ambacho mji unakiogopa.

#6 Mlango wa Nakshi
Wote mnazungumza kana kwamba Unguja ilikuwa uwanja mtupu na Muingereza anachagua tu apendapo. Mwaka 1881 nchi ni ya Sayyid Barghash. Ardhi ya mjini na pembezoni ilikuwa ya watu, ya misikiti, ya wakfu. Wakfu hauuzwi. Makaburi ya Waislamu yana wenyewe, kila ukoo na mahali pake. Mgeni asiye Muislamu akifa atazikwa wapi? Atapewa mahali ambapo hapana mwenye kulalamika, na kisiwa kisichokaliwa ni jibu la busara kwa pande zote mbili. Ni suala la ardhi na heshima kwa mji wa watu.

#7 Daktari wa Mtaa
Mlango wa Nakshi, kama ni ardhi, mbona Askofu Steere alizikwa ndani ya kanisa la Mkunazini mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya Brownrigg?

#8 Mlango wa Nakshi
Kwa sababu kiwanja kile kilikuwa tayari mikononi mwa misheni. Amezikwa kwenye chake, nyuma ya altari ya kanisa alilolijenga mwenyewe. Baharia hana kiwanja.

#9 Mzee wa Kilindini
Hamjambo watu wa Unguja. Hebu niwaletee kisa cha Mombasa. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa HMS Leven alikuja hapa, Wamazrui wakamwomba bendera ya Muingereza iwakinge na Sayyid Said. Akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Kijana wa watu hakumaliza hata miezi minne, homa ikamuua. Leo hakuna anayekwenda kutafuta kaburi lake, lakini kila siku maelfu ya watu wanalitaja jina lake bila kujua: Port Reitz. Na ngazi za Leven pale Mji wa Kale zinabeba jina la ile meli.

Ninalotaka kusema ni kwamba ukumbusho wa baharia si lazima uwe jiwe. Ghuba nzima imekuwa jiwe lake. Wale wa Chapwani wana mawe, lakini nani anajua majina yao zaidi ya anayevuka na boti?

#10 Kibaharia
Mzee wa Kilindini, kila uzi lazima utuvushe Mombasa! Ungekuwa uzi wa theluji ungetuambia ilianzia Likoni.

#11 Mzee wa Kilindini
Kibaharia, nisipoleta Mombasa mtaleta nini? Ule mzinga wa Pegasus wenyewe uko wapi leo? Fort Jesus. Na mzinga wa Königsberg je? Uko Fort Jesus pia. Meli mbili zilizouana, mizinga yao iko ngome moja. Watoto wa shule wanaikalia kupiga picha.

#12 Bint Shangani
Hilo ni kweli na ni la kuelezwa vizuri. Königsberg ilipotoka Unguja ilijificha kwenye delta ya Rufiji, ikakaa humo mpaka Julai 1915. Waingereza walileta manowari mbili zisizozama kina kirefu, Severn na Mersey, zikaipiga, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Halafu wakaitoa mizinga yote kumi majini, ikakarabatiwa Dar es Salaam na kuburutwa nchi kavu kupigana mpaka ikaisha mmoja mmoja. Wa Fort Jesus ni mojawapo ya iliyobaki, mwingine uko Pretoria.

Lakini mzinga hautaji jina la mtu, Mzee wangu. Kwangu mimi ukumbusho bila majina ni nusu.

Turudi kwenye mada, maana nina kitu kinachozitikisa hoja zote hapo juu. Lloyd Mathews alikuja Unguja akiwa luteni wa hiyo hiyo HMS London. Akaingia utumishi wa Sultani, akaunda jeshi lake, akawa waziri wa kwanza. Alifariki hapa Oktoba 1901 na akazikwa kwa heshima zote za kijeshi kwenye makaburi ya Waingereza nje kidogo ya mji. Nchi kavu, si Chapwani. Kwa hiyo mwaka 1901 Waingereza walikuwa tayari na makaburi yao nchi kavu, na hata hivyo 1914 maiti za Pegasus zikavushwa kisiwani. Nahodha, Daktari, Mlango wa Nakshi, elezeni.

#13 Nahodha Mstaafu
Rahisi. Mathews alipokufa hakuwa tena mtu wa meli, alikuwa mtu wa serikali. Wa Pegasus walikufa wakiwa kwenye vitabu vya meli. Baharia huzikwa na mabaharia wenzake, kama wapo karibu. Ukimweka peke yake kati ya makarani na wafanyabiashara umemtenga.

#14 Mlango wa Nakshi
Na mimi nasema inaunga mkono hoja yangu. Baada ya 1890 ardhi ikapatikana, wakaanza kuzika nchi kavu watu wao wa nchi kavu. Kisiwa kilibaki cha jeshi la maji kwa sababu walishapewa zamani, wakati ardhi ilikuwa ngumu.

#15 Daktari wa Mtaa
Septemba, Unguja, maiti nyingi kwa mpigo, hakuna majokofu. Mmesahau joto. Unachimba pale panapochimbika haraka na pasipo na mlolongo wa watu.

#16 Mchangani Boy
Mimi nilisikia kuna askari wa majini aliyeshika bendera ya Pegasus kwa mkono baada ya mlingoti kupigwa, akauawa, mwingine akaipokea. Kuna mwenye uhakika?

#17 Bint Shangani
Mchangani Boy, hicho kisa kilisambaa sana magazetini wakati ule na hadi leo wapo wanaokirudia kama kilivyo. Wapo pia walioandika kwamba meli ilipandisha bendera nyeupe, na jambo hilo lilileta mzozo mkubwa. Ukisoma upande mmoja utaamini bendera haikushuka kamwe, ukisoma upande wa pili utaamini ilishuka mapema. Meli ilikuwa inapigwa na haiwezi kujibu. Bila shaka kila aliyekuwa upande wake wa sitaha aliona mambo yake. Mimi sioni aibu yoyote kwa bendera nyeupe iliyookoa watu ambao hawakuwa na namna.

#18 Kibaharia
Kuna jambo nataka liwekwe sawa. Watu wakiona nanga kwenye kaburi wanasema "huyu baharia". Si lazima. Nanga ni alama ya Kikristo ya tumaini, Waebrania 6:19, "nanga ya roho, yenye salama, yenye nguvu". Utaikuta kwenye kaburi la mama ambaye hajawahi kupanda hata ngalawa. Nguzo iliyokatika juu nayo si mlingoti wa meli uliovunjika, ni alama ya uhai uliokatizwa mapema.

Kwa jeshi la maji la Uingereza angalia nanga iliyozungukwa na kamba. Mawe ya tume yao ya makaburi ya vita, ile iliyoundwa Mei 1917, yana beji hiyo kwa baharia wa vita, na meli za biashara zina beji yake. Pale Mbaraki, Mombasa, unaweza kuona tofauti hizo kwa macho yako, kwa sababu mwaka 1942 kikosi chao cha mashariki kilihamia Kilindini baada ya Wajapani kushambulia Ceylon.

(Mzee wa Kilindini, nimekutajia Mombasa, usiseme nakuonea.)

#19 Mpigadau
Kibaharia, hilo la nanga limenisaidia kazini, ahsante.

#20 Fundi Chokaa
Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa majengo ya zamani, naomba niseme kuhusu mawe yenyewe, maana mnabishana nani alizikwa wapi na huku maandishi yanafutika.

Makaburi ya kale ya pwani yetu, ya wageni na ya wenyeji, mengi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inapumua. Unyevu wa chumvi unaingia na kutoka. Anakuja mtu mwenye nia njema, anaona ufa, anapiga plasta ya saruji. Saruji haipumui. Chumvi inabaki ndani, inakauka, inavimba, na jiwe linakuwa unga nyuma ya plasta huku kwa nje unaona pazuri. Miaka michache plasta inadondoka na uso wa jiwe unaondoka nayo, pamoja na maandishi.

Marumaru yana shida yake. Herufi nyingi za zamani ni za risasi: fundi alichonga herufi, akatoboa vijitundu ndani yake, akaigongea risasi mpaka ikashika. Risasi ikidondoka mtu husema jina limepotea. Halijapotea. Nenda jioni au na tochi, mulika kwa ubavu, jiwe lako liwe kama linatazama pembeni, utaona kivuli cha vile vitundu. Vitundu viwili juu, kimoja chini, unajua ni herufi gani. Nimesoma jina zima kwa namna hiyo kwenye jiwe ambalo watu walishaliita "lisilo na jina".

Kuosha: maji safi na brashi laini. Msitumie brashi ya waya wala asidi, wala msipake chaki ili picha itoke vizuri.

#21 Mpigadau
Fundi, hilo la chaki nimeona wageni wakifanya. Nitawazuia.

#22 Siti wa Mizingani
Nimewasoma kwa utulivu nikangoja mtu aulize, hakuuliza, nitauliza mimi. Wa kwetu wako wapi? Tarehe 27 Agosti 1896, mbele ya Forodhani, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri kwa dakika 38 na kuizamisha HHS Glasgow, meli ya Sultani. Mabaharia wa Glasgow walikuwa na mizinga ya kizamani na walijibu. Nionyesheni jiwe lao. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza majini mpaka 1912, ndiyo ilikuwa kumbukumbu yao pekee, na nayo ikavunjwavunjwa.

#23 Nahodha Mstaafu
Siti, nakuunga mkono ila tuseme lililotokea. Glasgow ilipozidiwa ilipandisha bendera ya Muingereza kuonyesha imesalimu amri, na mashua zao zikawaokoa mabaharia wake. Waliokufa na kujeruhiwa, kama 500, wengi ni wa kwenye kasri na pembeni yake. Upande wa pili alijeruhiwa mtu mmoja.

#24 Siti wa Mizingani
Sawa Nahodha. Basi nionyesheni jiwe la hao 500.

#25 Mlango wa Nakshi
Siti, kuna upande wa dini pia. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, na madhehebu yetu hayapendi kujengea makaburi. Aliyekufa maji ni shahidi kwa mujibu wa hadithi ya Mtume, na asiyepatikana anasaliwa sala ya ghaibu. Manahodha wangapi wa majahazi wamepotea kati ya hapa na Lamu au Maskati, na familia zao zikasoma khitma zikanyamaza? Kukosa jiwe si kusahauliwa.

#26 Siti wa Mizingani
Hadithi naijua, nami naamini. Lakini Kaole na Kunduchi kuna makaburi ya nguzo ndefu, na mengine yalipambwa kwa bakuli za Kichina, yamejengwa na Waislamu wa pwani hii hii. Mambrui vilevile. Walipotaka kukumbukwa walijenga. Tusiisingizie dini kwa jambo ambalo sababu yake ni nani aliyekuwa na fedha na nani alishinda vita.

#27 Mwalimu wa Zamu
Siti amegusa penyewe. Na kuna kundi la tatu ambalo halijatajwa: watu wetu waliokuwa ndani ya meli za Kiingereza. Jeshi la maji la Uingereza liliandikisha mabaharia Unguja kwa miaka mingi, wakawaita Seedies, na wa Afrika Magharibi wakawaita Kroomen. Walivuta makasia, walichochea makaa, walitafsiri, walipanda majahazi pamoja na wazungu wao. Kwenye vitabu vya meli wengi hawakuandikwa majina yao. Waliandikwa majina ya mzaha waliyopewa na maofisa, kama Chupa-ya-Bia. Simon's Town huko Afrika Kusini yapo makaburi ya watu hao, na baadhi ya mawe yaliwekwa na wenzao wa melini kwa fedha zao.

Mtu mnyamwezi au mmakua, aliyekombolewa kwenye jahazi au aliyejiajiri mwenyewe Unguja, anakufa akikamata majahazi ya watumwa, na jina linaloandikwa si lake. Hata kama jiwe lipo, mama yake angelipita asijue ni la mwanawe. Jambo hili linaniuma kuliko lolote lililosemwa kwenye uzi huu.

#28 Daktari wa Mtaa
Mwalimu, na hiyo tume ya makaburi ya vita yenyewe ilikuja kukiri mwaka 2021. Ripoti yao ilisema Waafrika na Waasia wa vita ya kwanza wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Kanuni yao ilikuwa usawa kwa wote waliokufa. Afrika Mashariki haikufuatwa.

#29 Mjukuu wa Mzinga
Naomba nichangie langu. Babu yangu mkubwa alikuwa kwenye kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kilichopanda Khedive Ismail hapa Mombasa Februari 1944, kwenda Colombo. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga tarehe 12 karibu na Maldivi. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297. Manowari za kulinda msafara zilidondosha mabomu ya kina kuiwinda nyambizi huku watu wetu wakielea pale pale.

Jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Nairobi, Barabara ya Ngong. Bibi alipelekwa kuliona akiwa mzee sana. Hajui kusoma. Aliomba aonyeshwe herufi ya kwanza, akaifuata kwa kidole mpaka ya mwisho, akarudia. Kwa hiyo mnapobishana kama jiwe lina maana, mimi msimamo wangu ni huo.

#30 Kibaharia
Pole sana Mjukuu. Ila hao walikuwa askari wa nchi kavu waliosafirishwa, si mabaharia.

#31 Mjukuu wa Mzinga
Bahari haikumuuliza.

#32 Nahodha Mstaafu
Kibaharia, usiwe mkali kwa mipaka. Waingereza wenyewe walipata shida hiyo hiyo: asiye na kaburi ila bahari aandikwe wapi? Wakajenga minara mitatu, Portsmouth, Plymouth na Chatham, iliyozinduliwa 1924, ikasimamishwa mahali ambapo meli zinaiona. Mabaharia wa meli za biashara wana wao London, Tower Hill. Na askari aliyefia melini anaandikwa na wenzake wa jeshi. Kila mtu ana ukuta wake. Wetu wa majahazi ndio hawana ukuta wowote.

#33 Mzee wa Kilindini
Na mnaposema kuzika baharia mgeni kwenye pwani ya Waislamu kulikuwa kugumu, mkumbuke Malindi 1542. Francis Xavier alipita akielekea India, baharia mmoja wa meli yao akafariki, akamzika pale. Mwenyewe aliandika kwamba wenyeji walipendezwa na namna maziko yalivyofanywa. Kile kikanisa kidogo cha makuti kipo hadi leo na makaburi mbele yake.

#34 Mchangani Boy
Mimi nilisoma walizikwa mabaharia wawili.

#35 Mzee wa Kilindini
Wawili utasikia kwa watembeza wageni. Barua yake inataja mmoja.

#36 Mlango wa Nakshi
Mzee, Malindi ya 1542 ilikuwa na urafiki wa kisiasa na Mreno, dhidi ya Mombasa yenu. Usiichukue kama kipimo cha pwani nzima. Na hapo ndipo narudi kwenye hoja yangu: ardhi ya kaburi hutolewa na mwenye nchi, kwa sababu zake. Mnitafutie hati ya Barghash kuhusu Chapwani, nyaraka za Unguja zipo Kilimani, tuone aliwapa kwa maneno gani.

#37 Nahodha Mstaafu
Hati ikipatikana itakuambia nani alitoa. Haitakuambia kwa nini waliendelea kukitumia kisiwa 1914 wakiwa na pengine pa kuzika. Mimi sijatoka kwenye mashua.

#38 Daktari wa Mtaa
Wala mimi kwenye homa.

#39 Mwalimu wa Zamu
Mpigadau, wewe unafika kule kila wiki. Kabla ya mawe kuharibika zaidi, piga picha kila kaburi, la mbele na la nyuma, kwa mwanga wa ubavu kama alivyosema Fundi. Uzibandike hapa kwa mpangilio. Nataka kuona kama kuna Seedie hata mmoja kati yao, au kama hata kisiwani walitengwa.

#40 Mpigadau
Mwalimu, Jumamosi maji yakijaa asubuhi nitakwenda na tochi. Ila msidhani nimeacha la kwangu: 25 na 38 zina pengo la watu 13, na nitawahesabu wote walioandikwa.

#41 Fundi Chokaa
Chukua na brashi laini na maji ya mvua. Si ya bahari.